Mahindi Kumi

Msomaji, ikiwa umekulia katika nchi ya wakulima, bila shaka umepata kwenda kwenye maonyesho ya kilimo. Umeona fahali aliyesuguliwa hata ngozi yake ikang'aa kama hariri. Umeona boga ambalo mtu mmoja hawezi kulibeba, na mkungu wa ndizi uliomzidi mtoto kwa kimo. Pengine ulijiuliza, kama nilivyojiuliza mimi utotoni, kwa nini vitu vizuri namna hii havionekani kando ya njia tunayopita kila siku. Swali hilo si la kitoto. Nataka kukujibu kwa kisa kilichonipata mwenyewe, kisa ambacho kwa miaka mingi sikumsimulia mtu, maana ndani yake mimi si shujaa.

Nilizaliwa Muhoroni, mahali ambapo uwanda wa Kano hukoma na nchi huanza kupanda kuelekea Koru na vilima vya Nandi. Reli ilipita kwetu kabla ya kufika ziwani, Kisumu, mwishoni mwa mwaka 1901. Mwaka 1966 kiwanda cha sukari kilianza kazi pale mjini, na tangu hapo maisha yetu yakaufuata muwa. Muwa ni zao la mtu mwenye subira: ukiupanda leo utaungoja mwaka mmoja na nusu, pengine miaka miwili, ndipo uukate. Aina iliyolimwa sana katika siku zangu iliitwa CO 421, nayo asili yake ni Coimbatore, huko India. Lakini mtu hashibi kwa kungoja. Kwa hiyo kila nyumba, hata pale miwa ilipofika mlangoni, iliacha kipande cha ardhi kwa mahindi, mtama na maharagwe.

Kipande cha nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Dani, kilikuwa mteremkoni, mahali palipokuwa boma la ukoo hapo kale. Mahali pa namna hiyo sisi Wajaluo hupaita gunda. Watu walihama, nyumba zikaanguka, zizi likaoza. Lakini samadi ya ng'ombe wa miaka mingi ilibaki ardhini, na maji ya mvua hayakutuama kwa sababu ya ule mteremko. Dani hakujua kusoma, ila mahindi aliyajua. Mbegu aliichagua yakiwa bado shambani. Aliutazama mmea wa katikati, uliosongamana na wenzake na bado ukazaa vizuri, wala si mmea wa pembeni uliopata jua na nafasi ya bure. Akishauchagua huufunga uzi. Baada ya kuvuna, mahindi ya mimea ile aliyafunga kwa maganda yake akayatundika juu ya meko, ili moshi uyalinde na fukusi. Mbegu hiyo alipewa na mama mkwe wake siku alipoanza kulima kwake mwenyewe, wala hakupata kununua nyingine.

Shuleni kwetu kulikuwa na chama cha 4-K. Jina hilo ni K nne za maneno haya: Kuungana, Kufanya, Kusaidia, Kenya. Vyama hivi vilianzishwa nchini mwaka 1962 ili kuwafundisha watoto wa shule kilimo kwa mikono yao, na kila mwaka vilishindana katika maonyesho. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 nilichaguliwa kuwa mwenyekiti. Nilikuwa mwenye maneno mengi, na katika umri ule mtu mwenye maneno mengi hudhaniwa kuwa mwenye bidii.

Shamba la chama lilikuwa upande wa chini wa shule, kwenye udongo mweusi. Udongo huo ukikauka hupasuka nyufa ambazo mguu wa mtoto huweza kuzama. Ukilowa huwa mzito, ukashika maji kama chungu. Mwezi wa Februari bwana shamba alitutembelea akalikagua. Akasema, "Hapa inueni matuta, mpande juu yake, na mchimbe mfereji upande ule wa chini. Msipofanya hivyo mtalima mpunga." Tulicheka. Mwalimu wetu aliniachia mimi kazi ya kuwapanga wenzangu. Nilipoona ugumu wa ule udongo nilisema tutachimba wiki ijayo, na wiki ijayo nikasema vivyo hivyo, mpaka mvua za masika zikatukuta hatujainua tuta hata moja.

Maji yalisimama shambani karibu wiki tatu. Majani yakageuka manjano. Mabua yaliyosalia yakaingiwa na funza. Ulipofika mwezi wa Julai tulikuwa na mahindi madogo yenye mapengo mengi kama kinywa cha mzee. Nami nilikuwa nimekwisha kuandikisha jina la shule yetu: mahindi kumi, yaliyolimwa na wanachama wenyewe.

Jioni mbili kabla ya safari nilikwenda kwa Dani. Alikuwa amekwenda kisimani. Nilipanda juu ya kigoda nikanyoosha mkono katika giza la darini. Nilichagua kumi yaliyo makubwa, nikayatia katika mfuko wa shule. Nilijiambia kwamba naazima tu, na kwamba Dani mwenyewe angefurahi kuona mahindi yake yakisifiwa. Tazama, msomaji, jinsi mtu awezavyo kujipa ruhusa ambayo hakuthubutu kuiomba. Usiku nilimenya maganda nikayapangusa yale mahindi kwa kitambaa kilicholowa, mpaka masizi yakatoka. Mwalimu aliponiuliza nimeyapata wapi, nikamwambia kwamba yalikuwa katika kona ya shamba iliyoinuka kidogo. Aliniamini. Wanafunzi wote walikuwa wameleta mbegu kutoka kwao, na sura ya mahindi yale haikumshangaza.

Tulisafiri kwa lori alfajiri, kwa barabara ya Chemelil na Miwani, reli ikiwa haiko mbali nasi, tukashuka Mamboleo kwenye uwanja wa maonyesho, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Kwa mtoto wa mashamba ya miwa, uwanja ule ulikuwa ulimwengu mzima. Kulikuwa na ng'ombe wa maziwa waliofungwa kamba nyeupe, na mchele wa Ahero, ambako kilimo cha umwagiliaji kilianza mwaka 1969. Kulikuwa na pamba ya uwandani, samaki wa ziwani juu ya barafu, na viti vilivyochongwa na wafungwa, vizuri kuliko viti vya nyumba yoyote niliyoijua. Bendi ya polisi ilipiga. Chama kinachoandaa maonyesho hayo, Chama cha Kilimo cha Kenya, chanzo chake ni mwaka 1901, wakati wa walowezi. Lakini siku ile waliojaa uwanjani walikuwa wakulima wa kwetu, wenye viatu vilivyotiwa vumbi na barabara zetu.

Mwamuzi alikuja kibandani kwetu asubuhi. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Aliliinua hindi moja moja, akahesabu mistari ya punje, akalipinda kidogo kuona kama limekauka. Kutoka katika mahindi mawili alipukuchua punje kadhaa akazipasua kwa kisu kidogo. Moyo wangu uliuma nilipoziona zikianguka chini, maana nilijua ni mbegu ya nani. Akaniuliza, "Mlipanda lini? Kwa nafasi gani? Mlitia mbolea gani?" Nikamjibu yote kama yalivyoandikwa katika daftari la kilimo, bila kusita. Alasiri tulibandikiwa kadi ya mshindi wa pili. Wenzangu walinibeba juu.

Kama mambo yangekoma hapo, pengine leo ningekuwa nimekwisha kuyasahau. Lakini siku ya pili, yapata saa nne, alikuja mtu mmoja akasimama mbele ya meza yetu kwa muda mrefu pasipo kusema. Koti lake lilikuwa limeraruka begani, likashonwa kwa uzi mweupe. Aliangalia kadi, akaangalia mahindi, kisha akaniamkua kwa heshima ambayo wazee hawakuzoea kuwapa watoto.

"Mwanangu," alisema, "nimesikia shamba la shule yenu liko kwenye udongo mweusi."

"Ndiyo, baba," nikamjibu.

"Langu liko Kano, na ni jeusi vivyo hivyo. Mvua ikija maji husimama, mahindi yakawa manjano. Mwaka huu sikuvuna hata debe mbili. Ninyi mlifanyaje?"

Msomaji, jibu lake nilikuwa nalo. Bwana shamba alikuwa amenipa mwezi wa Februari, bure, akalirudia mara mbili: inueni matuta, chimbeni mfereji. Ningeweza kumpa mtu yule kwa pumzi moja. Lakini kama ningetaja matuta angeniuliza yalikuwa marefu kiasi gani na tuliyachimba kwa siku ngapi, na mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu, naye alijua kwamba hatukuchimba tuta lolote. Kwa hiyo nikasema, "Tulitia mbolea ya dukani, baba. Vijiko viwili katika kila shimo, na baadaye tena vijiko viwili. Hiyo tu."

"Mbolea peke yake? Na yale maji?"

"Mbolea ikiwa ya kutosha, maji hayadhuru."

Alitoa mfukoni karatasi ya pakiti ya sigara na kalamu fupi ya risasi, akaandika polepole. Kisha akasema, kama mtu asemaye peke yake, kwamba anaye mbuzi mmoja aliyekuwa akimweka kwa karo, lakini kama mbolea ndiyo dawa, atamwuza. Alinishukuru akaondoka. Nami nilimshukuru Mungu kwamba maswali yamekwisha.

Alasiri ile Dani akaja. Sikuwa nimemtazamia; kumbe alipata nafasi katika gari la jirani, akitaka kuwaona ng'ombe na kumwona mjukuu wake mwenyekiti. Mwalimu alimpa kiti. Aliyatazama mahindi juu ya meza. Akachukua moja akalipeleka puani, akalirudisha mahali pake kwa utaratibu. Mimi nilikuwa nimeyapangusa masizi, lakini harufu ya moshi haipanguswi kwa kitambaa. Aliketi kimya mpaka mwalimu alipokwenda kunywa chai, ndipo akaniita karibu.

"Haya ni yangu," alisema.

Nikakubali kwa kichwa.

"Ungeniomba ningekupa. Umemwambia nani kwamba ni yenu?"

Nikamwambia: mwalimu, mwamuzi, wenzangu. Halafu, sijui kwa sababu gani, nikamwambia na habari ya yule mtu wa Kano, na vijiko viwili vya mbolea, na mbuzi. Hapo uso wake ukabadilika. Kuibiwa mbegu hakukumghadhibisha kama jambo hili.

"Mahindi utayarudisha, nami nitayapanda," alisema. "Punje zilizopotea ni zangu, nimekusamehe. Lakini yule amekuuliza njia, ukamwelekeza kwenye maji. Nenda ukamtafute."

Nilikwenda. Nilipita banda la ng'ombe, nikapita wauza mbolea, na pale moyo wangu ulidunda kwa hofu ya kumkuta akilipa. Nilipita wenye trekta, nikazunguka uwanja wa gwaride uliojaa watu. Nilisimama langoni mpaka jua likatua, nikitazama mabega ya makoti. Niliona makoti mengi. Lenye uzi mweupe sikuliona. Siku ya tatu nilirudia kazi ile tangu asubuhi. Jina lake sikuliuliza, wala kijiji chake. Kano ni uwanda mpana, unaanza karibu na Kisumu ukafika karibu na kwetu, na watu wake ni wengi.

Jioni ile nilimweleza mwalimu kila kitu. Kadi ilirudishwa kwa waandalizi, uenyekiti wangu ukaisha, na kwa muda nilikuwa mtu wa kuchekwa shuleni. Hayo yote yalipita. Februari iliyofuata tulichimba mfereji na kuinua matuta, nami nilichimba kuliko wengine, na mahindi yakatoka ya wastani, yasiyostahili zawadi yoyote lakini yaliyokuwa yetu.

Nilipokua nikasoma zaidi, nilifahamu kwa nini Dani alikasirika vile. Udongo ukijaa maji, mizizi hukosa hewa, na sehemu kubwa ya chakula kilichomo katika mbolea hupotea kabla mmea haujakipata. Mtu akitia vijiko viwili, au kumi, katika shamba lililofurika, ni kama amemtupa mbuzi wake majini. Dani hakuwa na maneno ya kitaalamu, lakini alilijua jambo lenyewe, kwa kuwa alikuwa amelima.

Nilisoma pia habari za mwanzo wa maonyesho katika nchi nyingine. Mwaka 1807, katika mji wa Pittsfield huko Massachusetts, Marekani, mtu aitwaye Elkanah Watson aliweka kondoo wake wawili wa aina ya merino chini ya mti katika uwanja wa mji ili watu wawaone. Wakulima walikusanyika, naye akawaza: ikiwa kondoo wawili wamewavuta watu hivi, itakuwaje wakulima wote wakileta walicho nacho? Mwaka 1810 yakafanyika maonyesho ya kwanza ya mifugo pale. Mimi hupenda kudhani kwamba watu wale chini ya mti hawakutosheka kutazama. Hapana shaka waliuliza: umewapata wapi, wanakula nini, sufu yao inauzwaje. Na kama mwenye kondoo angewadanganya, heri wangebaki nyumbani wakifuma soksi.

Hilo ndilo jibu la lile swali nililoanza nalo. Vitu vya maonyesho ni vizuri kuliko vya njiani kwa sababu vimechaguliwa, na si kosa kuchagua. Hata Dani alichagua. Lakini kilichochaguliwa kina deni. Kinapowekwa juu ya meza, mwenye nacho anakuwa ameahidi kwamba atakayeuliza ataambiwa ukweli: ardhi ilikuwaje, kazi ilikuwa kiasi gani, nini kilishindikana kabla hiki hakijafaulu. Kadi ya zawadi humfaa mtu mmoja kwa siku tatu. Jibu la kweli laweza kulisha nyumba ambayo hutaiona kamwe.

Siku hizi uwanja wa Mamboleo umebadilika. Sehemu yake imejengwa kiwanja kikubwa cha michezo chenye jina la Jomo Kenyatta, na sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni 2021 zilifanyika hapo. Dani amekwisha kufariki. Mbegu yake ningali nayo, imetundikwa juu ya meko ya nyumba yangu, na kila mwaka huipanda pale pale gunda.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kweli: ilidumu siku chache, kutoka kigoda cha Dani mpaka kiti alichopewa Mamboleo. Lakini uongo wenyewe ulichukuliwa na mtu mwingine katika karatasi ya sigara, ukaenda Kano, nami sijui kama yule mbuzi aliuzwa, wala sijui ni mtoto gani aliyekosa karo kwa ajili yake. Kwa sababu hiyo kila niendapo kwenye maonyesho, nikimwona mtu mzima amesimama kimya mbele ya meza yenye mahindi, mimi humkaribia nikamwamkua. Nikimwuliza habari za shamba lake akaniambia ni udongo mweusi, humweleza habari ya matuta na mfereji, hata kama hakuniuliza. Wengine hunishangaa, wakadhani ni mzee apendaye kusema. Wewe, msomaji, sasa unajua ni nani ninayemtafuta.